Dimbwi kwanza, waya baadaye

Jumatatu hadi Ijumaa niko maabara ya hospitali hapa Mwanza, naotesha vijidudu na kusoma majibu. Jumamosi niko Nyakato kwenye karakana ya mzee mmoja, nimevaa aproni ya ngozi kutoka kifuani hadi magotini, najifunza kuchomelea kwa TIG, njia ya kuunga chuma kwa mwale wa umeme unaolindwa na gesi. Sitafuti ajira ya uchomeleaji wala sina mpango wa kufungua karakana. Ndugu wameniuliza, majirani wameniuliza, hata kijana aliyeniuzia glavu aliniuliza, kwa sababu kwetu ufundi wa chuma ni kitu unachokwenda kusomea VETA ili upate kula. Mimi nimeupenda tu, na nataka kuujua kwa mikono yangu mwenyewe.

Kilichonifikisha huko ni asali. Kaka yangu anafuga nyuki Sikonge, kule Tabora. Kila msimu anachuja asali kwenye ndoo za plastiki, anaiacha itulie siku kadhaa ili nta na mapovu vipande juu, halafu anachota. Alitaka tangi la stenlesi la lita 100 lenye bomba chini, asali safi itokee huko na takataka zibaki juu. Asali ina tindikali, pH yake mara nyingi iko karibu na 4, kwa hiyo chuma cha kawaida hakifai, na bati lililopakwa zinki ndiyo kabisa, maana zinki inaingia kwenye asali. Nikazunguka mjini kuulizia bei. Sehemu moja nikaoneshwa tangi lililokuwa tayari, limesuguliwa kwa nje hadi linang'aa. Niliingiza mkono ndani na kupitisha kidole kwenye mshono. Kulikuwa na matundu, punje za chuma zilizoruka na kuganda, na ufa mwembamba pale bati mbili zilipolaliana.

Asali yenyewe haioteshi vijidudu kirahisi. Maji yake kwa kawaida ni chini ya 20%, na sukari iliyomo inawakausha. Tatizo ni maji ya kuoshea tangi. Yanajificha kwenye ule ufa pamoja na mabaki ya asali, asali inazimuliwa, na hamira zinapata pa kuishi mpaka msimu unaofuata. Kazi yangu ya kila siku ni kuona viumbe hivyo vikiota, kwa hiyo sikuweza kulinunua lile tangi hata kwa bei ya kutupa.

Nilipouliza ni nani anayeweza kuunga stenlesi nyembamba bila kuacha tundu, majibu yote yalielekea kwa mzee huyu. Alifanya kazi miaka mingi kwenye viwanda vya minofu ya sangara. Wanaoikumbuka miaka ile wanajua kilichotokea: mwishoni mwa 1997 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wetu kwa hofu ya kipindupindu, na 1999 ukazuia tena baada ya kusikika kwamba kuna wavuvi wanaotumia sumu. Ili kurudi sokoni, viwanda vililazimika kuboresha usafi wao. Meza, mabomba, matangi, vyote viwe laini, vioshike, visiwe na kona ya kuficha uchafu. Mzee anasema ni kipindi hicho ndipo alipoikamata TIG sawasawa, maana wakaguzi walikuwa wanapitisha kidole kwenye mshono kama nilivyopitisha mimi. Nilipomweleza habari ya lile tangi alicheka, akaniambia nikitaka nije Jumamosi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba daktari. Karibu, vaa hiyo."

Kila anayefanya kazi hospitali kwake ni daktari. Nimeshaacha kumsahihisha.

Kwa wasiojua tofauti: mafundi wengi wa mtaani wanachomelea kwa vijiti. Kijiti kinafanya kazi mbili kwa pamoja, kinaleta moto na chenyewe kinayeyuka kuwa chuma cha kujazia. Ukitaka moto zaidi unapewa na chuma zaidi, upende usipende. TIG inazitenganisha kazi hizo. Mkono mmoja unashika tochi yenye ncha ya tungsteni, ambayo haiyeyuki mpaka ifike nyuzi 3,422 za Selsiasi, kwa hiyo inatoa mwale wa umeme na kubaki ilivyo. Mkono wa pili unashika waya wa kujazia na kuuleta pale tu unapohitajika. Mguu uko kwenye pedali inayopandisha na kushusha moto. Na kuzunguka ncha, kupitia kikombe cha kauri, inatoka gesi ya agoni inayoifukuza hewa ili chuma kilichoyeyuka kisikutane na oksijeni. Agoni yenyewe ni karibu 1% ya hewa tunayovuta. Wanaipoza hewa hadi iwe kimiminika, kisha wanaitenga. Haiungui wala haiungani na kitu, na ndiyo sababu inatufaa.

Njia hii ilizaliwa kwenye viwanda vya ndege. Mwaka 1941 Russell Meredith wa kampuni ya Northrop, Marekani, alikuwa anatafuta namna ya kuunga magnesi, metali nyepesi ambayo ikishapata joto kali hewani inashika moto. Akatumia ncha ya tungsteni na kuifunika kwa gesi ya heli. Agoni ilichukua nafasi baadaye, lakini wazo halijabadilika hadi leo: moto safi, hewa ikae mbali, na binadamu aamue chuma kiongezwe wapi na lini.

Mashine niliinunua Kariakoo ikaja kwa basi, inveta ya ampia 200 ya umeme wa DC, yaani unaokwenda upande mmoja. Inatosha chuma cha kawaida na stenlesi. Alumini haiwezi, nitaeleza. Kwa anayetaka kuanza, ningemwambia asiangalie ukubwa wa ampia. Aulize mashine inawasha mwale bila kugusisha ncha kwenye chuma? Inaendelea kutoa gesi baada ya mwale kuzimika? Inapokea pedali? Ampia 200 sijazitumia hata siku moja. Kanuni ya haraka ni karibu ampia 40 kwa kila milimita ya chuma cha kawaida, na stenlesi inakula pungufu ya hapo. Bati langu la geji 16, karibu mm 1.5, linaungika kwa ampia 45 hadi 50. Kwa moto huo mashine inavuta umeme wa kiasi cha pasi, kwa hiyo LUKU haikimbii kama watu wanavyodhani. Kinachokula hela ni gesi. Mtungi wa lita 10 uliojazwa kwa shinikizo la baa 150 una lita 1,500 za agoni, na ukifungulia lita 8 kwa dakika, saa tatu umekwisha. Jumamosi ya kwanza mzee aliniambia nisifungue mtungi kabla ya kujua ninachokwenda kufanya, na nilipopiga hesabu hiyo nikamwelewa.

Somo lake la kwanza halikuwa na waya kabisa.

"Waya uweke pale mezani, mwanangu. Leo hatuutumii."

Alinipa kipande cha flati, yaani chuma bapa, cha mm 3 kilichopigwa grenda hadi cheupe. Kazi ilikuwa kuwasha mwale, kusubiri dimbwi, kulisogeza hadi mwisho wa flati, na kuzima. Basi. Nikimaliza, geuza, rudia. Na kabla ya kuwasha, kupita njia nzima mkono ukiwa umekaa mezani, mashine imezimwa, kuona kiwiko hakitagonga kitu na waya wa tochi hautavuta. Waya wa tochi ni mzito, akautundika begani kwangu ili uzito usishukie kifundo cha mkono.

Hapa ndipo nataka kukaa kidogo, kwa sababu naamini TIG yote iko hapa. Unapovaa kofia na kuwasha, kitu cha kwanza macho yanachokimbilia ni mwale, ule ung'avu. Mzee alikuwa anaona kofia yangu ilivyoinama na kujua ninaangalia wapi. "Usiangalie mwanga. Mwanga hauna habari yoyote. Angalia dimbwi." Ukivumilia sekunde mbili tatu, chini ya mwale chuma kinaanza kutoa jasho, kinang'aa kidogo, halafu ghafla kinalegea na kuwa duara la kimiminika lenye ukingo mkali. Hilo ndilo dimbwi. Lina uso wa kioo. Ukiangalia vizuri unaona vichembe vya uchafu vikielea juu na kukimbilia pembeni, na unaona mwale wenyewe ukiakisiwa humo. Ukikandamiza pedali, linapanuka. Ukiachia, ukingo unarudi ndani. Kwenye mm 3 nilitakiwa niliweke kwenye upana wa kama mm 6 na lisipungue wala kuzidi hadi mwisho.

Linabadilika wakati wote. Kipande kikishapata joto, dimbwi linaongezeka lenyewe bila wewe kugusa pedali, kwa hiyo mguu unatakiwa uanze kupunguza kabla hujaona tatizo. Ukikaribia ukingo wa flati joto halina pa kukimbilia, linarundikana, na kona inaanguka kama hukupunguza mapema. Nyuma ya dimbwi chuma kinaganda kwa mistari ya upinde, na mistari hiyo inakueleza ulikuwa na mwendo gani. Ikiwa na ncha kali ulikimbia. Ikiwa mviringo mzuri ulitulia. Mzee anaisoma kwa kugeuza kipande kwenye mwanga wa mlango, halafu anapitisha ukucha. Anageuza na upande wa nyuma pia, kuona joto lilipenya kiasi gani, maana uzuri wa juu peke yake hauonyeshi kama vipande vimeungana.

Umbali wa ncha kutoka kwenye dimbwi ni kitu kingine cha kushika mwanzoni. Unatakiwa usizidi unene wa ncha yenyewe, yaani karibu mm 2. Ukiinua, mwale unatanuka, joto linasambaa, dimbwi linakuwa pana na jepesi. Ukishusha sana, ncha inachovya. Hilo la kuchovya ni la kila anayeanza, na dalili zake hazifichiki: mwale unageuka rangi, unaanza kutangatanga, masizi meusi yanaruka kuzunguka dimbwi. Hapo hakuna kuendelea. Unazima, unasubiri gesi imalizie, unafungua koleti inayoishika ncha, unakwenda kunoa upya.

Kunoa tungsteni kuna taratibu zake. Mikwaruzo ya jiwe inatakiwa ifuate urefu wa ncha, isizunguke, kwa sababu mwale unaifuata. Mikwaruzo ikizunguka, mwale unayumba. Jiwe liwe la kunolea tungsteni peke yake, lisiguse chuma kingine. Na kuhusu rangi ya ncha tulikuwa na mjadala, mimi na mzee. Dukani hapa zinazopatikana kirahisi ni za mkia mwekundu, na yeye amezitumia maisha yake yote. Nyekundu zina toriamu, ambayo inatoa mionzi. Kuzishika si tatizo kubwa, lakini vumbi lake wakati wa kunoa ukilivuta linakaa kwenye mapafu. Mimi nafanya kazi mahali ambapo kila kitu kinachoweza kuingia mwilini kinaandikwa kwenye daftari, nisingeweza kukaa kimya. Niliagiza za mkia wa buluu, zenye lanthani, nikamletea pakiti moja kama zawadi. Alinoa moja, akachomelea nayo kipande chake mwenyewe bila kusema neno, akaitazama ncha, akachomelea tena.

"Inashika," akasema. "Na haina ile kitu yako?"

"Haina, mzee wangu."

Zile nyekundu amezifunga kwenye kopo. Vijana wake sasa wananoa za buluu, na ninafurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

Waya ulikuja baada ya mkono wa tochi kutulia. Unachovya waya kwenye ukingo wa mbele wa dimbwi, siyo chini ya mwale, unatoa, unasogea, unachovya tena. Kwa mtu wa maabara ni mkono uleule wa kudondosha sampuli kwa pipeti: kiasi kilekile, mahali palepale, na ncha isitoke nje ya eneo safi. Eneo safi hapa ni agoni. Ukiuvuta waya mbali mno, ncha yake iliyo ya moto inatoka kwenye gesi, inakutana na hewa, inapata magamba, na unachovya magamba hayo kwenye mshono wako. Ukiukaribiza mno kwenye mwale kabla ya kufika kwenye dimbwi, unayeyuka kuwa tone kubwa linaloning'inia, halafu linaangukia linapotaka. Kuulisha waya kwa vidole ndani ya glavu ndiyo kazi inayochukua muda kuzoeleka, kwa hiyo nina kipande cha waya wa mm 1.6 nyumbani, na nikisikiliza taarifa ya habari nakisukuma kwa dole gumba, mbele, mbele, mbele, bila kukiangalia. Mama yangu amezoea sasa.

Kuhusu usafi mzee hana mzaha, na huo ndio niliokuwa nautafuta. Kwenye vijiti kuna unga unaoungua na kusafisha kidogo, hapa hakuna. Kilichopo juu ya chuma kinaingia kwenye mshono. Ule ukoko mweusi wa chuma kipya unasagwa hadi weupe utokee, pande zote mbili, sentimita moja au mbili kutoka kwenye kiungo. Kisha unafuta kwa asetoni, na waya wenyewe unaufuta pia, maana unakuja na mafuta. Asetoni iwe halisi. Zile za kutolea rangi ya kucha mara nyingi zimetiwa mafuta ili zisikaushe ngozi, na mafuta ndiyo tunayoyakimbia. Usitumie kabisa dawa za kusafishia breki zenye klorini, kwa sababu zikikutana na mwale zinaweza kutoa gesi ya fosijini, na hiyo inaua. Brashi ya stenlesi iliyokwisha kugusa chuma cha kawaida hairudi kwenye stenlesi, kwani inaacha chembe zitakazoota kutu. Bomba lenye zinki halichomelewi hivihivi. Ule moshi mweupe unakuletea homa usiku, na wachomeleaji wengi wanaijua homa hiyo hata kama hawajui inatoka wapi.

Mwanza ina jambo lake jingine, upepo wa ziwa. Asubuhi hewa imetulia, lakini kuanzia mchana upepo unaingia kutoka ziwani na kuichukua agoni yako kabla haijafika kwenye dimbwi. Unaona mara moja: mshono unatoka na vitundu vidogo na rangi ya majivu. Wengi wanakimbilia kufungulia gesi zaidi, ifike lita 15 au 20. Inaongeza tatizo, maana gesi ikitoka kwa nguvu inavuruga na kuvuta hewa ndani yake. Sisi tunafanya kazi ya TIG asubuhi, na ikilazimu mchana tunashusha turubai upande wa ziwa. Feni ya karakana inazimwa, hata joto liweje.

Sasa stenlesi. Hii ndiyo niliyoijia, na ndiyo iliyonifanya nielewe kwa nini mzee alinikalisha kwenye dimbwi kwa muda mrefu vile. Stenlesi ya 304, tunayotumia, ina takriban 18% ya kromiamu, na kromiamu hiyo inajitengenezea utando mwembamba usioonekana ambao ndio kinga yenyewe. Ukiichoma sana unaiharibu kinga hiyo, na chuma kinakuonyesha kwa rangi. Mshono ukitoka wa rangi ya majani makavu au dhahabu, umeshinda. Zambarau bado inavumilika kwa kazi nyingi. Buluu ni onyo. Kijivu kilichofifia maana yake joto lilizidi au gesi iliondoka mapema, na hapo kutu itakuja siku moja. Ndiyo maana mwisho wa mshono hunyanyui tochi. Umeachia pedali, mwale umezima, lakini mkono unabaki palepale, agoni inaendelea kutiririka sekunde tano, sita, mpaka chuma kiache kuwaka. Kunyanyua ni tamaa ya kutaka kuona kazi yako, na karibu kila mwanafunzi wa mzee anapigwa kofi la mkono kwa hilo.

Waya tunaotumia ni 308L. Ile L ni muhimu: kaboni haizidi 0.03%. Stenlesi yenye kaboni nyingi ikikaa kati ya nyuzi 425 na 850 hivi, kaboni inaikamata kromiamu na kuiondoa kwenye kazi yake ya kulinda, pembeni kabisa mwa mshono, mahali ambapo macho hayaoni. Kwa hiyo sheria ni moja: joto kidogo, mwendo thabiti, na usirudi palepale mara mbili.

Halafu kuna upande wa pili wa bati. Huku juu agoni inalinda, lakini huko chini, ndani ya tangi, chuma kimeyeyuka mbele ya hewa tupu. Bila kinga, upande huo unatoka na magamba meusi ya chengachenga, makavu, yamejaa vitundu. Ni makazi yaleyale niliyoyagusa kwa kidole kwenye lile tangi la dukani. Mara ya kwanza mzee aliponionyesha, alikata bomba lililochomelewa bila gesi ndani na jingine lililochomelewa kwa gesi ndani, akayaweka mezani bila maelezo. La kwanza lilikuwa na kigaga cheusi ndani mzunguko mzima. La pili lilikuwa na mstari mwembamba wa dhahabu, laini, umejitokeza chini ya nusu milimita. Nje yote mawili yalikuwa sawasawa kabisa. Nilikaa nayo muda mrefu. Mnunuzi hawezi kujua tofauti hiyo kwa macho. Anajua aliyechomelea, na baadaye anajua anayekula.

Kwa mshono mrefu wa tangi tulitumia flati ya shaba yenye mfereji katikati, tukaibana ndani nyuma ya kiungo, agoni ikipita polepole kwenye mfereji. Shaba inanyonya joto na haishikani na stenlesi. Kwa kipande cha bomba la kutolea asali tuliziba ncha zote mbili kwa tepu ya alumini, agoni ikaingia kwa chini na hewa ikatokea kwenye kitundu cha juu, kwa sababu agoni ni nzito kuliko hewa. Uzito huo una hatari yake. Agoni ikijaa kwenye tangi au shimo inakaa humo, haina harufu wala rangi, na mtu akiinamisha kichwa ndani anaweza kuzimia kabla hajajua ana tatizo. Kila tulipomaliza, tangi lililazwa ubavu na kupulizwa hewa kabla ya mtu yeyote kuchungulia.

Na macho. Nitalisema hili kwa sauti: miwani ya jua si kinga ya kuchomelea. Ukipigwa na mwale huhisi kitu saa hiyohiyo. Baada ya saa sita hadi 12, usiku umelala, unaamka macho yamejaa mchanga na machozi hayakomi. Vijana wanaweka vipande vya viazi, wengine maziwa. Nenda hospitali. Na TIG kwenye stenlesi inayong'aa inaakisi mwale hadi chini ya kidevu, kwa hiyo funga shati hadi juu, na liwe la pamba. Nailoni inayeyukia kwenye ngozi. Kofia inayojitia giza yenyewe iwe na vihisio vinavyoshika hata moto mdogo wa ampia 40, maana za bei rahisi mara nyingine zinashindwa kuuona. Mimi natumia kioo cha giza namba 10.

Alumini bado. Ina utando wa oksidi unaoyeyuka karibu nyuzi 2,070 wakati alumini yenyewe inayeyuka kwenye 660, kwa hiyo ndani inakuwa uji huku ngozi ya juu ikiwa bado imekaza. Inataka umeme wa AC, unaobadilika upande na kuupasua utando huo. Mashine yangu haina. Mzee anayo moja ya zamani, na ameniahidi, ila baada ya tangi.

Tangi lenyewe limesimama. Kipenyo sm 45, kimo sm 65. Mshono wa wima tuliushikiza kwa nukta kila sm 3 kabla ya kuuchomelea, kuanzia katikati kwenda pembeni kwa zamu, kwa sababu stenlesi inatanuka kuliko chuma cha kawaida na inapitisha joto polepole, basi bati jembamba linajikunja likipewa nafasi. Mzee alichomelea nusu ya mzunguko wa chini, nusu nikachomelea mimi. Tulijaza maji tukaliacha usiku kucha juu ya magazeti makavu, na asubuhi magazeti yalikuwa makavu. Ndani nimepitisha kidole, halafu pamba, na pamba haikukwama popote.

Iliyobaki ni miguu. Asali ina uzito wa kama kilo 1.4 kwa lita, kwa hiyo tangi likijaa ni kilo 140 juu ya uzito wa bati, na kaka anataka ndoo ya lita 20 ipite chini ya bomba. Tumepima sm 50 kutoka sakafuni. Fremu itakuwa ya skweya paipu ya chuma cha kawaida ili kupunguza gharama, na kuunga chuma cha kawaida na stenlesi kunahitaji waya wa 309L, ambao hapa mjini sijaupata. Nimeagiza kilo moja Dar, wanasema utapakiwa kwenye basi la Alhamisi.